Kofia ya Lyle

Ardith Kloster aliendesha basi la shule kule Nebraska miaka ishirini na saba, na hajazaliwa mwanamume wa kumfundisha usukani. Lakini kuirudisha kinyumenyume ile nyumba yao ya magurudumu kwenye nafasi ya kambi ilikuwa kazi ya wawili: yeye ndani, mumewe Lyle nje na kofia yake ya rangi ya chungwa. Kofia kushoto, kofia kulia, kofia juu, simama. Viangazi kumi na kimoja walizunguka hifadhi za taifa namna hiyo. Wanandoa wenzao waliwaona wakitukanana mchana kweupe kwa sababu ya kuegesha, lakini wao hata bati hawakuwahi kulikwaruza.

Mwaka huu macho ya Lyle yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema katikati kunafifia, atabaki kuona pembenipembeni. Lyle alisema ni vumbi tu. Ardith akamwachia kofia. Jamani, mtu ameshaacha usukani, ameacha gazeti, ukimnyang'anya na kofia, unambakishia nini?

Wakafika hifadhi ya milimani, Montana, alasiri. Kama kawaida, majirani wakatoa viti vya kukunja na bia zao, wakakaa kutazama wageni wanavyoegesha. Sinema ya kambini hiyo, haina kiingilio.

"Njoo, mama, njoo!" Lyle akapunga kofia.

Kwenye kioo Ardith akaona meza ya mbao, hatua mbili nyuma ya gari. Kofia bado inasema njoo. Akakanyaga breki.

"Mbona unasimama? Njoo!"

Akasogea mbele, akakata usukani, akaikwepa meza, akaingia.

"Mzee!" jirani mmoja akapaza sauti. "Nusura mle chakula cha jioni juu ya kuni! Nani kipofu hapo, wewe au dereva?"

Vicheko. Ardith akatoa kichwa dirishani. "Kosa langu! Uzee huu, kushoto na kulia nachanganya."

Wakamcheka yeye. Ilimuuma, tena sana, maana sifa ya udereva ndiyo pekee aliyowahi kujivunia. Jioni soseji za Lyle zikapoa kwenye sahani.

Asubuhi wakapanda ile njia ya kwenda kulitazama ziwa lililo juu mlimani, Lyle mbele na fimbo yake kama kila mwaka. Njia ilipoanza kubana, mwamba huku, korongo kule, akasimama. Kisha akavua kofia, akainyoosha nyuma bila kugeuka.

"Shika."

"Ya nini?"

"Pita mbele. Unipungie."

"Lyle, baba..."

"Ile meza niliigonga kwa goti jana jioni. Nikajua nilikuwa nakuita uivunje." "Wewe kushoto na kulia hujachanganya hata siku moja. Umekubali kuchekwa na wale walevi kwa ajili yangu. Nimeona aibu, Ardith."

Ardith akalia palepale, watu wakipita na mabegi yao mgongoni. Akafuta pua kwa mkono wa shati, akatangulia, akawa anapanda akigeukageuka na kupunga kofia. "Kushoto. Kushoto kidogo. Njoo, njoo." Lyle akainamisha kichwa upande, akaifuata rangi ya chungwa kwa pembe ya jicho mpaka juu.

"Simama. Tumefika."

"Likoje mwaka huu?"

"Kijani. Theluji imebaki ng'ambo tu. Kuna mjinga mmoja anaogelea."

"Atajuta huyo," Lyle akasema, akacheka.

Wiki iliyofuata wakahamia hifadhi nyingine. Safari hii Lyle alishuka, akatoa kiti chake, akajipanga pamoja na watazamaji.

"Humwelekezi mkeo?" wakamuuliza.

"Yule? Yule haelekezwi. Nyamazeni mtazame."

Ardith akaingia mara moja tu, sawasawa. Kwa mazoea akatazama kioo cha pembeni kuitafuta kofia inayopanda juu. Kioo kilikuwa na miti tu. Kofia ilikuwa kichwani mwake mwenyewe. Akakaa na usukani mkononi kitambo, nje watu wakipiga makofi, ndipo akazima gari.