Tuzo ya Mkorea na Macho ya Babu

Wiki iliyopita nilikaa kwenye ofisi ya tiketi hapa Mugumu, nikisubiri basi la Musoma pamoja na abiria wengine. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu ya Kikorea iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Binti wa tiketi alijua maisha ya mwigizaji mkuu kuliko alivyojua nauli.

"Huyu alianza kwa kubeba viti vya ukumbini," akatuambia. "Miaka na miaka akawa anapewa kuigiza maiti tu. Siku walipomruhusu kulia, dunia ikamjua. Sasa ana tuzo mpaka za Ulaya."

Mzee mmoja kutoka Nyanungu akagonga fimbo sakafuni. "Tuzo za kulia?"

"Ndiyo, babu."

"Mwanaume mzima! Mimi nilitahiriwa mbele ya watu wote na sikupepesa jicho. Tuzo yangu iko wapi?"

Wanaume wote tukacheka na kumuunga mkono.

Basi likafika. Kwenye filamu, Mkorea alikuwa anamzika mama yake, anafukia kaburi kwa mikono. Kondakta akatuita kutoka nje. Hakuna aliyenyanyuka. Akaita tena.

"Ngoja kwanza amzike!" mzee akafoka, sauti ikikwaruza. Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Vumbi hili, binti. Funga mlango."

Mlango ulikuwa umefungwa.

Nikatafuta wa kucheka naye. Wanaume wote walikuwa wameinama, wanafunga kamba za viatu. Na mimi nilikuwa nimeinama vilevile, mpaka nilipokumbuka kwamba nimevaa kandambili.