Heka ya Miguu ya Ngeleja

Nyamizi alikuwa mwanamke mfupi, na kwa ufupi wake hakuwahi kumwomba mtu radhi. Kijijini kwao, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi mjini, wanaume walizoea kuzungumza naye huku wakitazama juu ya kichwa chake, kama watu wanaotafuta ng'ombe waliopotea nyuma ya ua. Aliwaacha wamalize, kisha akawajibu kwa sauti iliyowashusha macho. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Paschal. Paschal alipokwenda Geita kutafuta dhahabu, aliacha mke, watoto, shamba na ahadi. Ahadi haikuota. Shamba alilima Nyamizi.

Miaka ile ndiyo kwanza wafanyabiashara binafsi wameruhusiwa kununua pamba, na ghafla kila mwenye duka mjini akawa mkulima. Watu ambao jembe walilijua kwa kuliuza tu walifika vijijini na pikipiki wakiulizia heka. Mmoja wao alikuwa Mtoro, muuza vitambaa wa Bariadi, mtu wa maneno laini na mkono mwepesi wa salamu. Alitaka heka moja tu, kwa msimu mmoja. Watoto wawili wa Nyamizi walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule. Akakubali. Heka moja, alisema, kuanzia barabarani kuja chini, na isifike kwenye marando.

Marando ni mashina ya viazi vitamu. Asiyelima anaweza kuyaona kama majani ya kulisha mbuzi. Lakini kiangazi chote, ardhi inapopasuka na kila kitu kugeuka rangi ya vumbi, Nyamizi alikuwa akipanda na kushuka na ndoo kutoka lambo, akinywesha matuta yake machache ya chini ili yasife. Mvua ikinyesha, hayo ndiyo mbegu. Marando yakifa, hakuna viazi vya kukata na kukausha, hakuna michembe ndani ya kihenge, na miezi ya njaa ikifika mama anabaki kuchemsha maji na kuwadanganya watoto. Nusu ya wanawake wa kitongoji walichukua mbegu kwake.

Zamani bwana shamba alikuwa akija na mnyororo wa kupimia. Serikali ilipoanza kupunguza watu kazini, bwana shamba alipunguzwa pamoja na mnyororo wake, na kijiji kikabaki na miguu. Hatua sabini kwenda, hatua sabini kukata, hiyo ndiyo heka. Na desturi ilikuwa kwamba anayekodi ndiye anayeleta mguu, mwenyekiti anashuhudia, basi. Mtoro, mgeni wa mambo hayo, alimwomba mwenyekiti amtafutie mguu. Mwenyekiti Januarius akamletea mpwa wake Ngeleja, kijana ambaye akiingia nyumba ya mtu huinama kabla hajapiga hodi.

Nyamizi alikuwa akipanda kutoka lambo, ndoo kichwani, alipomwona Ngeleja akija kwa hatua ambazo mtu hutumia kuvuka mto wenye mamba, nyuma yake mwenyekiti, Mtoro na watazamaji wachache.

"Ngeleja! Mwadila!" alimsalimu kwa Kisukuma. "Safari ya wapi hiyo, Maswa?"

"Napima, mayu," alijibu, akimwita mama.

"Unapima au unaruka mitaro?"

Ngeleja akacheka, akarusha mguu wa mwisho, akasimama katikati ya marando. Mwenyekiti akamfuata na nyundo, akapigilia kigingi papo hapo.

Nyamizi akatua ndoo. "Kigingi hicho kimekosea njia, mwenyekiti."

"Sabini ni sabini, Nyamizi."

"Za nani? Huyu miguu yake imeanzia kifuani."

"Hatua ya mtu mzima. Ndiyo desturi."

"Nami je, ni mtoto mchanga?" Hakungoja jibu. Alikunja khanga, akarudi barabarani, akaanza kuhesabu kwa sauti. Sabini yake ilimwishia mbali sana na marando, hata mbali na kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba. Waliokuwepo wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mama," alisema Mtoro, akifuta machozi, "kwa hatua hizo pamba yangu nitaipanda kwenye sinia."

Nyamizi mwenyewe alitaka kucheka, akajizuia. "Basi si zangu, wala si zake. Tafuteni nyingine."

"Paschal akirudi tutalizungumza," alisema mwenyekiti.

"Paschal akirudi atakuta marando yamegeuzwa udongo. Mtampikia hizo hatua?"

Mwenyekiti alisema maksai wameshakodiwa, Jumatatu asubuhi wanalima mpaka kwenye kigingi, na mwenye mdomo ataulisha mwenyewe. Wakaondoka. Nyamizi alibaki akitazama kigingi. Angeweza kuking'oa, lakini kigingi kilichong'olewa kinyemela hugeuza mwenye haki kuwa mwizi. Alitaka wakiondoe wao, mchana, watu wakiona.

Jumamosi akaenda mjini. Dukani kwa Mtoro palikuwa na wateja, mkewe Asumini akikunja khanga, na Ngeleja, aliyepata kibarua cha kushusha marobota, amekaa juu ya robota moja akinywa maji. Nyamizi alimwona, moyo wake ukaruka kwa furaha.

"Kitambaa cha sare," alimwambia Mtoro. "Kile cha kaki."

"Karibu mama. Mita ngapi?"

"Sitaki mita. Nataka mikono minne."

"Mikono?"

"Mikono. Ya huyu." Akamgeukia Ngeleja. "Hebu simama, baba. Nyoosha."

Ngeleja, ambaye hakujua kukataa jambo, alisimama akanyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi. Kidole kimoja kiligusa rafu za huku, kingine kikakaribia mlango.

"Mkono wake mmoja kwangu ni kuanzia ncha hii mpaka ncha ile," alisema Nyamizi. "Mara nne. Nalipa bei ya yadi nne."

Wateja wakaanza kusogea. Mtoro akatabasamu lile tabasamu la biashara. "Mama, hapa tunapima kwa chuma." Akainua fito ya chuma iliyokuwa mezani, upande mmoja mita, upande wa pili yadi, mhuri wa serikali ukiwa umegongwa kwenye ncha.

"Kwa nini usipime kwa mikono?"

"Mikono ya watu hailingani, mama, hata..."

Macho yake yalikuwa yametua kwenye mikono ya Ngeleja. Wa kwanza kucheka alikuwa Asumini. Khanga zilimwangukia mapajani.

"Malizia, mume wangu," alisema. "Watu wanakusikiliza."

"Mimi sikuanzisha mambo ya hatua!" Mtoro alikuwa amekasirika sasa. "Ni kwenu. Mwenyekiti wenu ndiye aliyenipa huyu."

"Kweli," alisema Nyamizi. "Tulikupa ujinga wetu, nawe ukaupokea bila hata kuugeuza nyuma ukaangalia. Kitambaa ungekigeuza."

"Sasa unataka nini?"

"Kamba. Tuilaze kwenye chuma chako, fundo kila yadi. Bwana shamba alituambia shuleni, hatua ya heka ni yadi moja. Twende nayo Jumatatu kabla maksai hawajaanza."

"Na kamba ikisema kigingi kiko sawa?"

Nyamizi aliona ndoo zote za kiangazi zikipita mbele ya macho yake.

"Basi nitayang'oa marando kwa mikono yangu, nikusafishie njia."

Mtoro akakata kamba ya katani kwenye robota. Hakumwamini hata kidogo. Alimwambia Ngeleja aivute kwanza kwa nguvu, maana katani mpya hurefuka, kisha kila fundo akalifunga Mtoro mwenyewe, Nyamizi akilikagua kabla hawajafika kwenye linalofuata. Mafundo mawili aliyakataa. Yakafunguliwa.

Jumatatu maksai walikuwa wameshafungwa nira, plau imelazwa majanini, na nusu ya kitongoji imekuja kutazama. Nyamizi alipochukua ncha ya kamba, mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Lete. Mwanamke hashiki kamba ya mpaka."

"Ndoo nilishika. Jembe nilishika. Hata wewe, mwenyekiti, ulipougua kichocho uji wako niliushika mimi. Pisha."

Alipita. Mtoro alishika ncha ya pili. Walikwenda wakiivuta, Ngeleja akitia alama kwa kisigino kila kamba inapoishia. Waliposema sabini, bado walikuwa kwenye udongo mtupu. Kati yao na kigingi cha mwenyekiti mtu angejenga nyumba, akaongeza na zizi la ndama. Mtoro alisimama akiangalia mbele, akaangalia nyuma. Akarudia upande wa pili, safari hii akihesabu mafundo peke yake kwa sauti. Kamba ilisema yale yale.

"Kigingi kije hapa," alisema. Aliwageukia wenye maksai. "Mwisho wenu ni hapa. Msiguse majani ya watu."

Ngeleja alikwenda kuking'oa kigingi, akitembea kwa uangalifu kati ya marando, safari hii kwa hatua fupi.

"Umeniaibisha mbele ya watu wangu," mwenyekiti alimwambia Nyamizi kwa sauti ya chini.

"Mimi nimepima shamba. Aibu umeiokota mwenyewe njiani."

Mwenyekiti akakohoa, akapandisha sauti ili wote wasikie. Kuanzia leo, alisema, kamba hiyo itatunzwa ofisini, na anayetaka kupimiwa ataomba kwa utaratibu.

Nyamizi alikuwa akiiviringisha kiwikoni, fundo juu ya fundo. Wanawake waliochukua mbegu kwake walikuwa wamesogea karibu, na mmoja wao, Klementina, alishaanza kumweleza juu ya jaruba lake la mpunga na jirani mwenye miguu mirefu.

"Ofisi ina Ngeleja," Nyamizi alijibu. "Iendelee naye. Kamba inalala kwangu, na ikitoka, inatoka na mimi."

Akaitia begani. "Haya, Klementina. Jaruba liko wapi?"