Ng'ombe wa Baba Mkwe

Mimi ni mfugaji wa Nyamigogo, Biharamulo, na masikio yangu husikia mifugo kabla ya kitu kingine. Mwezi uliopita mchumba wangu Zuhura alinipeleka kwao Unguja kujitambulisha. Baada ya chakula baba yake akasema, "Kesho nitakupeleka ukaione ngome."

Nikasikia ng'ombe. Sikupata usingizi, nilijua anataka kunionyesha aina anayoitaka kwenye mahari.

Kesho yake tukazunguka kwenye kuta kubwa za mawe. Watalii wanapiga picha, mimi nakagua chini nione samadi. Nikachoka, nikaegemea ukuta.

"Samahani baba, ng'ombe wamefungiwa wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa mahari."

Zuhura akajifunika uso kwa mtandio.

"Ngome ndiyo hii uliyoiegemea," mzee akasema. "Ng'ombe nitawafuga wapi, mwanangu, ghorofani?"

Nilivyoshusha pumzi, hata watalii waligeuka.