Mheshimiwa Himid na Mikarafuu ya Bi Mwanapili

Mpaka leo sijapoa. Watu wananiambia, Samiha, yameshapita, kituo cha afya kimejengwa, wajawazito hawahangaiki tena kwenda Wete, unataka nini zaidi? Sitaki kitu. Nimeduwaa tu, na naudhika kwamba nimeduwaa peke yangu.

Himid Talib ndiye aliyenifundisha uwakili. Alipomaliza sheria Dar es Salaam wenzake walibaki huko huko wakafungua ofisi za vioo. Yeye alirudi Pemba akapanga chumba kimoja Madungu, juu ya duka la vitambaa, chenye feni inayopiga kelele kuliko wateja. Wateja wenyewe walikuwa wajane, wavuvi waliogombania nyavu, na ndugu waliokosana kwa urithi. Wengine walimletea muhogo, akawashukuru kama waliomletea dhahabu. Nilimpenda kwa hilo, sifichi.

Shauri lililompa jina halikufika hata mahakamani. Bi Mwanapili alikuwa amepanda mikarafuu katika shamba la Mzee Rajab tangu ujanani, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Kwetu si ajabu shamba likawa la huyu na miti ikawa ya yule, na wote wawili wakaishi kwa salama. Miti ilipoanza kuzaa sawasawa, Mzee Rajab akageuka, akasema kilicho juu ya ardhi yake ni chake. Himid akawakutanisha barazani kwa sheha, mkuu wa eneo letu, nami nikiwa bado mwanafunzi wa chuo niliyekuja likizo nyumbani, nikasikia habari zake kwa kila aliyetoka pale. Alimwambia mzee, "Ardhi yako hakuna anayeigusa. Lakini miti hii hukuipanda, hukuipalilia. Ni ya Bi Mwanapili." Mzee Rajab akakubali. Wakapeana mikono, ikasomwa fatiha, wakaenda zao. Hakuna aliyeandika chochote, maana watu wakishasoma fatiha ni aibu kuwaomba saini.

Ulipokuja uchaguzi, nami nimeshamaliza chuo na kufanya kazi ofisini kwake, watu wenyewe ndio waliomfuata Himid agombee ubunge. Bi Mwanapili alizunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura. "Huyu ntu wetu," alikuwa akisema. "Huyu asema kweli." Himid akapita, akaenda Dodoma, akaniachia ofisi na feni yake.

Miaka ya mwanzo alikuwa yule yule. Akirudi hupita Madungu kabla hata ya kwenda kwake Tibirinzi, akavua viatu, akauliza nani ana kesi na nani. Baadaye tukawa tunamwona ndani ya gari la vioo vyeusi. Mzee Rajab alipofariki, warithi walimuuzia Himid lile shamba, nami nikafurahi. Nilijiambia kwamba mikarafuu ya Bi Mwanapili sasa imepata jirani mwema.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Himid akatangaza kwamba shamba lile analitoa kijengwe kituo cha afya. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Siku zile Bi Mwanapili alikuwa Wete, bintiye Nahla amejifungua naye amekwenda kumkanda. Aliporudi alinipigia simu. "Samiha mwanangu, njoo uone. Sina nti hata mmoja."

Nilikwenda. Tingatinga lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Mikarafuu ilikuwa imelala chini, majani bado mabichi, shamba zima linanukia kama jikoni siku ya Idi. Bi Mwanapili alikuwa amekaa juu ya gogo, kanga mdomoni.

Nikampigia Himid nikiamini kwamba mkandarasi ndiye aliyekosea. "Mwalimu, wamekata miti ya Bi Mwanapili."

"Samiha," akanijibu bila haraka, "ardhi ni yangu. Kilicho juu ya ardhi yangu ni changu."

Niliitazama simu nikidhani nimekosea namba. Yale yalikuwa maneno ya Mzee Rajab, neno kwa neno, nayo yanatoka katika kinywa kilichoyashinda.

Tukafungua kesi. Bi Mwanapili hakutaka kituo kizuiwe. Alitaka jambo moja tu, aseme mtu mbele ya hakimu kwamba miti ile ilikuwa yake. Mzee Rajab hayupo, sheha naye alishatangulia mbele ya haki. Majirani waliokuwepo barazani niliwafuata mmoja mmoja. Huyu ana safari, yule presha imepanda, mwingine kaniuliza kama nataka wanawake wazalie njiani. Nikarudi kwa Bi Mwanapili mikono mitupu.

"Mwite Himid mwenyewe," akasema. "Hashiki msahafu akasema uwongo, ntoto nimjuaye mie."

Nikamwita. Alikuja na suti ya kijivu, akashika msahafu, akaapa kwa sauti nzuri ile ile aliyonifundishia kazi. Nikamuuliza, "Shahidi, mikarafuu iliyokuwa katika shamba lile ilikuwa ya nani?"

Akatazama dirishani. "Sikumbuki."

Zamani, tulipokuwa wawili ofisini, aliwahi kunionya kwamba shahidi akishika msahafu kisha akasema hakumbuki, nisimsukume: huyo anakumbuka vizuri, ila anaogopa kuapa uwongo. Sasa nilikuwa namtazama yeye. Nilivunja somo lake, nikamsukuma. Nikamtajia baraza, sheha, fatiha.

"Sikumbuki," akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo.

Bi Mwanapili alinivuta joho. "Kasemaje?" Nilijua amesikia, lakini bado alisubiri nimwambie kwamba amesikia vibaya. Kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi.

Kituo kikajengwa haraka, nacho ni kizuri, sikatai. Siku ya kukifungua palikuwa na turubai, viti vya kukodi na wanafunzi wa madrasa wanaosoma kaswida. Bi Mwanapili alikuja na buibui lake la harusini, akakaa mstari wa mbele. Nikakaa ubavuni mwake, nikiogopa kwamba atalia.

Himid alipita akiwaamkia wazee. Alipofika kwetu alisita, kisha akainama, mkono mbele. "Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, baba." Akamtazama usoni kwa muda. "Wee ntoto wa nani? Sikumbuki."

Alisema kwa upole kabisa. Waliokaa nyuma yetu walisikia, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Himid alijaribu kutabasamu. "Mimi Himid, Bi Mwanapili."

"Himid yupi?"

Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Mkono wa Himid ulibaki pale pale, hauna wa kuushika, mpaka msaidizi wake alipomgusa bega. Baadaye walimwita ahutubie. Akasimama mbele ya maikrofoni, akaipiga kidole kuijaribu, akatutazama sisi sote tuliompigia kura. Kisha akarudi kukaa, hakusema neno.