Ndevu za Mwalimu Niyitegeka

Ilikuwa mwaka 1997. Hapana, nimekosea, ilikuwa 1996, maana mabomu yalikuwa yanaanguka Bukavu na madirisha ya kwetu Kamembe, ng'ambo ya mto upande wa Rwanda, yanatetemeka. Maiti zilikuwa zikishuka na mto Rusizi, na Kayitare alikuwa bado na vidole vyake vyote vya mkono wa kulia.

Kayitare alikuwa mchoraji. Alizaliwa Bukavu, ukimbizini, akarudi Rwanda baada ya mauaji ya 1994. Kazi yake ilikuwa vibao vya saloni: vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri, juu ya madebe ya mafuta ya msaada aliyoyapiga nyundo mpaka yakanyooka. Kichwa cha kubuni hakukiweza. Kila uso aliochora ulikuwa wa mtu aliyemwona, na kama hakumwona, alimkalisha ndugu yake mbele, akaazima pua hapa, paji la uso pale.

Ndivyo alivyomchora Niyitegeka, mwalimu aliyepotea 1994. Nyumba yake ilichomwa pamoja na picha zote. Dada yake Mukansanga, muuza sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, alivuka ziwa siku za kwanza za mauaji, akamwacha nyuma. Sasa alitaka jambo moja tu: kujua mifupa ya kaka yake iko wapi.

"Geuza kichwa, Maman," Kayitare akamwambia. "Pua yake ni hii hii?"

"Yake ilikuwa muzuri. Hii yangu inanuka samaki."

Tukacheka, wao wawili na mimi niliyekuwa nikipita na bidhaa zangu. Kibao kikatundikwa kwenye saloni ya kando ya barabara itokayo mpakani, ili apite mtu anayemjua.

Akapita. Watu walikuwa wanarudi kutoka kambi za Kongo, magodoro vichwani. Mwanaume mmoja akasimama mbele ya kibao, akatabasamu, akamgeukia Kayitare.

"Eh, mwalimu! Lakini unasahau ndevu, Papa."

Mukansanga, aliyekuwa akiuza sambaza zake chini ya kibao, akainuka. "Kaka yangu hakukuwaka na ndevu hata siku moja. Alikuwa ananyoa kila asubuhi."

"Alikuwa nazo, tena nyingi," yule mtu akasema, akijishika kidevu. Halafu akashusha mkono, akarudi nyuma. Alikuwa amesikia alichokisema mwenyewe.

"Ulimuonaka wapi?"

Mukansanga akamkamata shati. Yule mtu akampiga ngumi ya mdomo, meno yake mawili yakadondoka kwenye sambaza. Kayitare akaruka. Yule mtu akachomoa panga katika mzigo wake: pigo la kwanza likapasua kibao, la pili likachukua vidole vitatu vya mchoraji. Nilirusha jiwe, likamkosa. Akajitosa katikati ya watu na mizigo yao, hatukumwona tena.

Tulimfunga Kayitare mkono kwa kitenge. Mukansanga alitema damu, akaokota kibao.

"Papa Kayitare, uiweke ndevu."

Aliziweka wiki mbili baadaye, kwa mkono wa kushoto, kidonda kikiendelea kuvuja. Kisha akachora uso ule ule, na ndevu zake, kwenye kipande kidogo cha bati, akanipa mimi kwa sababu mimi natembea kila mahali. Nimekipeleka kisiwani Nkombo. Nimekipeleka Bweyeye, kando ya msitu, mlango kwa mlango. Ndevu kama zile haziwi za siku tatu za kujificha. Ni za wiki tatu, nne, na wiki zote hizo mtu anakula, mtu analala mahali, na aliyemlisha huenda anajua mifupa iko wapi. Basi natoa bati, nauliza: nani kwenu alimficha mwalimu huyu mpaka ndevu zikaota?