Mvinyo Niliowapa Koma

Aibu hii naileta mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa wambeya wa mtaani Magongo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya Port Reitz. Siku moja alikuja Mjerumani anayeuza mvinyo mweupe wa kwao, kwenye vilima vya baridi. Meneja Mwakio akauliza nani anajua vinywaji, aje amsaidie kuchagua. Nikaruka mbele. Mimi Mgiriama niliyekulia penye pombe ya mnazi, nishindwe na maji ya zabibu? Tena kazi ya baa, yenye tai na feni, nilikuwa nikiitolea macho kitambo.

Mjerumani akanimiminia kidogo tu kwenye bilauri, akasimama akiningoja. Nikafurahi kweli. Kumbe Wazungu nao wanawaheshimu koma! Kwetu mtu hanywi mnazi kabla ya kuwamwagia koma, wazee wetu waliotangulia, chao chini. Nikainama nikaumwaga wote juu ya zulia jipya.

"Wazee, pokeeni, mtupe uzima."

Akanitazama sana, kisha akamimina kidogo tena. Nikasema moyoni, huyu ana adabu, amewakumbuka hata wa upande wa mama. Nikamwaga.

"Kazungu!" Meneja akafoka, jasho likimtiririka. "Hicho kidogo ni chako wewe, uonje!"

Ikabidi amweleze mgeni habari za koma. Mjerumani akaliangalia zulia, akaniangalia mimi, akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Na wazee, wameupenda?"