Swichi ya Dada Mkalimani

Dada yangu ana kazi ambayo ukimchungulia mlangoni utadhani kachanganyikiwa: yuko peke yake, anarusha mikono, anakunja uso, na sauti hatoi. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Hospitali ikipata mgonjwa kiziwi humpigia kwa video, naye akiwa chumbani mwake anamuunganisha mgonjwa na daktari.

Shida ilikuwa mtandao. Picha ilikwamakwama, na mkono ukikwama hewani ujue neno limekatika. Fundi akaja, akasema tuvute waya na tutafute swichi, yaani kile kiboksi chenye matundu kinachogawa mtandao kwa vifaa vyote vya nyumba.

Dukani tulisimama kama watu wanaochagua mchumba. Mume wa Dada alipenda dude kubwa la chuma lenye feni inayonguruma.

"Hili ndilo la kiofisi," akasema.

"Shemeji, tunafungua ofisi au mashine ya kusaga?" nikamuuliza.

Fundi akatushushia viboksi viwili vidogo, vimenyamaza kimya. Kimoja cha kawaida. Kingine kina akili kidogo: mtu akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyohiyo, mawasiliano yatazunguka humohumo mpaka mtandao mzima uzimie, lakini hicho chenye akili hugundua na kulifunga tundu. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Nani nyumbani kwangu atafanya kituko hicho?" Tukabeba cha kawaida, tukakiweka kwenye meza ya koridoni.

Jamani! Tulimsahau mama mkwe wake anayeishi humohumo. Huyo mama ni msafi kupita kiasi. Hawezi kupita penye kitu kinachoning'inia. Hata pindo la pazia likilegea halali.

Siku yenyewe Dada alijifungia chumbani. Kulikuwa na mama kiziwi anajifungua kwa upasuaji, mimba yake ya kwanza kufika mwisho baada ya nyingine kuharibika. Pazia limemkinga kuanzia kifuani, haoni chochote cha chini, na wote waliomzunguka wamevaa barakoa, kwa hiyo hata midomo haisomeki. Kila alichojua kilipitia kwenye mikono ya Dada. Mimi nilikuwa sebuleni nakunja nguo.

Mara nikasikia ukelele. "Picha! Jamani, picha imeganda!"

Nikatoka mbio. Koridoni taa za swichi zilikuwa zinawaka na kuzima zote kwa pamoja, kama zimepandwa na wazimu. Mama mkwe kasimama pale na ufagio, kajawa na raha ya kazi nzuri.

"Mama, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mwanangu. Kuna waya ulikuwa umelala chini ovyo, nikauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi."

Ulikuwa waya wa kompyuta ya shemeji, ambayo alikuwa ameichomoa akaenda nayo kazini: ncha moja ilikuwa kwenye swichi tangu asubuhi, na sasa ya pili nayo imo humohumo! Chumbani Dada alikuwa anapiga simu hospitalini, inaita tu. Nani apokee, na wote wako kwenye upasuaji? Nikaung'oa ule waya kwa hasira hadi meza ikataka kupinduka.

Taa zikatulia. Picha ikarudi. Mlango wa Dada ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mtu ambaye Dada humfanyia kazi. Uso wa yule mama ulikuwa umelowa machozi. Mkono wake mmoja uliokuwa huru ulikuwa unafanya alama ileile, tena na tena, hausimami. Nesi alikuwa anampapasa bega na kumwambia maneno ndani ya barakoa.

Mama mkwe akaja nyuma yangu, ufagio bado mkononi. "Anasema nini?"

Dada hakugeuka. "Anauliza mwanawe amekufa saa ngapi."

Na mtoto alikuwa analia. Analia kwa nguvu zake zote, chumba kizima kinamsikia, na sisi huku kwenye spika tunamsikia, isipokuwa mama yake. Mikono ya Dada ilitetemeka vibaya, ikabidi alirudie jibu ndipo yule mama akaelewa.